Namna ya Kutazama Filamu ya Kitamil ya Kifamilia na Kuifuata Mpaka Mwisho

Mtazamaji wa Kiswahili aliyezoea filamu za Kihindi kutoka Mumbai, au zile za mapigano za India Kusini ambazo ma-DJ wetu huzisimulia kwa Kiswahili, hupata taabu ya namna yake anapokutana kwa mara ya kwanza na filamu ya Kitamil ihusuyo maisha ya familia. Ndani ya nusu saa ya mwanzo huwa ameshaonyeshwa babu, bibi, wana watatu, wake zao, binti anayetafutiwa mchumba, wajukuu, mtumishi wa nyumbani na jirani asiyekauka mlangoni, na wote hao huitana kwa majina ya undugu, si kwa majina yao. Ugomvi utakaokuja kuigawa nyumba huanzia kwenye jambo linaloonekana dogo, kama vile mwaliko wa harusi uliopelekwa na mtoto badala ya mtu mzima. Asiyejua ashike wapi huchoka kabla ya mapumziko akazima, ilhali amebakiza hatua chache tu aingie katika aina ya filamu ambayo, kwa maoni yangu, inamfaa msemaji wa Kiswahili kuliko nyingine nyingi zitokazo nje ya Afrika Mashariki. Sababu ni kwamba filamu hizi zinahusu haki na wajibu wa jamaa, nani anamdai nani heshima, fedha, zawadi au matunzo, na mambo hayo sisi tumelelewa nayo.

Tafuta nakala iliyo kamili

Filamu za Kitamil hutengenezwa zaidi Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu, na mtaa wa Kodambakkam uliojaa studio ndio uliozipa jina la utani la Kollywood. Filamu ya kwanza ya Kitamil yenye sauti ilitoka mwaka 1931, na watazamaji wake leo si watu wa Tamil Nadu peke yao bali pia Watamil wa Sri Lanka, Malaysia, Singapore na kwingineko. Kwa ajili ya wote hao, nakala nyingi huwekewa tafsiri ya maandishi chini ya picha, kwa kawaida ya Kiingereza. Chagua nakala ya namna hiyo, yenye sauti ya Kitamil kama ilivyorekodiwa. Usimulizi wa ma-DJ unafaa sana pale watu wanapokimbizana na kupigana, lakini katika filamu ya familia msimulizi huongea juu ya maneno yale yale unayohitaji kuyasikia, na nakala zilizoingizwa sauti za Kihindi mara nyingi huwa zimepunguzwa nyimbo.

Ipo njia rahisi ya kujua kama nakala uliyonayo imekatwa. Kila filamu inayoonyeshwa katika majumba ya sinema ya India hutanguliwa na picha ya cheti cha bodi ya uidhinishaji, nacho hubaki kwenye kioo kwa sekunde chache tu, kwa hiyo uwe tayari kusimamisha. Herufi U maana yake filamu inafaa kwa watu wote, UA ni kwa watoto wakiwa chini ya uangalizi wa wazazi, na A ni kwa watu wazima. Kwenye cheti hicho huandikwa pia urefu wa filamu. Kikisema dakika 160 na nakala yako ikaishia dakika 125, ujue kuna nyimbo au vikao vya familia vilivyotupwa, na katika filamu ya namna hii kikao kimoja kikikosekana mgogoro wote hauna mantiki. Panga kuwa na saa mbili na nusu hadi tatu za utulivu. Maandishi yanayosema kwamba ni wakati wa mapumziko hutokea karibu na katikati, na sehemu hizo mbili zimejengwa kwa makusudi: ya kwanza hufunga mafundo, ya pili huyafungua au huyakata.

Chora ukoo, kisha usikilize

Chukua karatasi na kalamu. Huu si ushauri wa mzaha, na ndio ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wote. Katika dakika thelathini za mwanzo, kila mtu mpya akitokea, mwandike na umuunganishe kwa mstari na wazazi wake, ndugu zake na mwenzi wake. Maandishi ya Kiingereza hayatakusaidia sana hapa, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, mume wa shangazi na hata mzee wa jirani. Kitamil huwatenganisha wote, na Kiswahili huwatenganisha karibu kwa namna ile ile.

Appa ni baba na amma ni mama. Periyappa ni baba mkubwa, chithappa ni baba mdogo, periyamma ni mama mkubwa na chithi ni mama mdogo. Athai ni shangazi. Anna ni kaka, akka ni dada mkubwa, thambi ni mdogo wa kiume na thangachi ni mdogo wa kike. Thatha ni babu na paatti ni bibi. Anni ni mke wa kaka, ambaye wadogo wa mumewe humheshimu kama mama, na naathanaar ni wifi. Msikilizaji wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu na neno moja tu: ukisikia mtu anaitwa maama, huyo si mama mzazi. Maama ni mjomba, kaka au mdogo wa mama, na huyo ni mtu mzito katika familia ya Kitamil, mzito kiasi kwamba filamu nzima inaweza kusimama juu ya mabega yake.

Ukishawatambua, ongeza kanuni moja. Watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, pamoja na wa mama mkubwa na mama mdogo, ni kaka na dada kabisa, na ndoa kati yao haifikiriki. Watoto wa mjomba na wa shangazi, kinyume chake, kwa desturi ya jamii nyingi za Kitamil ndio wachumba wa haki, na katika baadhi ya jamii hata mjomba mwenyewe huweza kumwoa binti wa dada yake. Msomaji Mwislamu wa pwani atashtuka mara mbili, maana kwake watoto wa ndugu wawili wa kiume wanaruhusiwa kuoana, na mjomba ni maharimu. Lakini ndani ya filamu kanuni hiyo ndiyo inayoeleza mambo mengi yanayoachwa bila kusemwa: kwa nini shangazi ananuna kaka yake anapomwoza binti kwa mgeni, kwa nini kijana wa kijijini anajiona amedhulumiwa na mtu wa mjini, kwa nini neno maama hutumiwa pia kwa baba mkwe, athai kwa mama mkwe, na kwa nini mke wa kijijini humwita mumewe maama bila mtu yeyote kushangaa.

Mfano mzuri wa nguvu ya mjomba umo katika Pasamalar, filamu ya mwaka 1961 iliyoongozwa na A. Bhimsingh, ambamo Sivaji Ganesan na Savitri wanaigiza kaka na dada yatima waliolelewa na upendo wao wenyewe. Mali inakuja, ndoa zinafuata, na jamaa wa upande wa pili wanatia fitina mpaka wawili hao wanatengana. Kuna wimbo wa kubembeleza watoto, ulioimbwa na T. M. Soundararajan na P. Susheela, ambamo kaka na dada, kila mmoja akiwa na mtoto wake mchanga, wanaimba wakiwa mbalimbali. Maneno yake yanataja vito na saa ya dhahabu vitakavyoletwa na mjomba, mazungumzo ya ndoa, na jinsi mjomba atakavyokuwa tayari kuununua ulimwengu kwa ajili ya binti wa dada yake. Asiyeijua kanuni ya wachumba wa haki atasikia wimbo wa kulaza watoto. Anayeijua atasikia ndugu wawili waliokatazwa kuonana wakipanga kuunganishwa tena kupitia watoto wao, na hapo ndipo machozi ya watazamaji wa miaka ile yanapoeleweka.

Itazame nyumba yenyewe

Nyumba katika filamu hizi si mahali pa kuigizia tu. Kabla ya maneno mazito kusemwa, angalia wasemaji wamekaa wapi. Nje, chini ya paa la mbele, nyumba za zamani za Kitamil zina thinnai, kibaraza cha kukalia ambacho mtu wa Lamu au Mji Mkongwe atakitambua mara moja, na kazi yake ni ile ile: mgeni ambaye bado hajakubaliwa ndani huishia hapo. Asubuhi utaona mwanamke ameinama mlangoni akidondosha unga wa mchele kati ya vidole ili kuchora kolam, michoro ya nukta na mistari. Ukiona mlango usio na kolam katika nyumba ambayo jana ilikuwa nayo, kuna msiba au kuna mtu ameondoka. Wakati wa chakula, angalia nani anakula kwanza kwenye jani la mgomba, nani anapakua, na nani anaondoka bila kula. Kukataa wali ulioandaliwa tayari ni tamko la vita, na mwongozaji hahitaji kulieleza.

Filamu inayofundisha hili vizuri kuliko zote ninazozifahamu ni Samsaram Adhu Minsaram ya mwaka 1986, iliyoandikwa na kuongozwa na Visu, mtu aliyetokea katika tamthilia za jukwaani, na kutengenezwa na kampuni ya AVM ya Chennai. Visu mwenyewe anaigiza baba wa nyumba, mtumishi wa ofisi mwenye kipato cha wastani anayeishi na mke, wana watatu, binti na wakaza wana. Lakshmi anaigiza mke wa mwana mkubwa, Raghuvaran anaigiza mume wake, na Manorama ni mtumishi wa nyumbani mwenye ulimi usiomwogopa mtu. Filamu hiyo ilipata tuzo ya taifa ya filamu bora ya burudani yenye manufaa kwa umma, ikiwa ya kwanza ya Kitamil kuipata.

Karibu kila kitu hutokea ndani ya nyumba moja. Mwana mkubwa, aliye mgumu wa fedha, anapiga hesabu za mchango wake wa matumizi: wanaokula wamepungua, basi na yeye apunguze. Kwa hesabu hana kosa. Kwa undugu amemtukana baba yake mbele ya watu wote. Mabishano yanapanda hatua kwa hatua mpaka baba anachora mstari katikati ya nyumba, upande huu wake na upande ule wa mwanawe, na kuanzia hapo kila tendo la kawaida, kwenda jikoni, kumwita mtoto, kupokea mgeni, linakuwa swali la nani anavuka mpaka. Tazama kikao hicho mara mbili. Mara ya kwanza fuata maneno. Mara ya pili acha maneno na uangalie nyuso za wanaonyamaza, hasa mama wa nyumba, kwa sababu kila neno linalotoka kwa mumewe au mwanawe linampokonya kitu yeye.

Jifunze sherehe tatu au nne

Waandishi wa filamu za Kitamil hupeleka migogoro yao kwenye sherehe, kwa kuwa hapo ndugu wote wako pamoja na wajibu wa kila mmoja unaonekana kwa macho. Sherehe ya kutoga masikio ya mtoto ndiyo ya kwanza: mtoto hupakatwa na mjomba, akanyolewa nywele na kutogwa akiwa hapo hapo mapajani. Mjomba huja na msafara wa sinia za matunda, nguo na vito, na kamera ikipita taratibu juu ya sinia hizo inakuambia uzito wa heshima anayoitoa kwa dada yake. Kiti cha mjomba kikiwa kitupu, hakuna haja ya kuuliza kama kuna ugomvi. Ya pili ni valaikappu, sherehe ya kumvisha mjamzito bangili za kioo katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Baada yake, mwanamke huenda kujifungua kwa wazazi wake, hasa uzazi wa kwanza, na waandishi huipenda desturi hii kwa sababu inamwondoa nyumbani mtu anayewapatanisha wengine. Ndivyo ilivyo katika Samsaram Adhu Minsaram: mkaza mwana mkubwa anakwenda kujifungua, na nyumba inapasuka akiwa hayupo.

Ya tatu ni kwenda kumwona binti. Upande wa mwanamume hufika, hukaa, na binti huingia ameinamisha macho akiwa na sinia ya kahawa katika vikombe vya chuma, pamoja na kitu kitamu cha semolina na bajji, ambazo ni ndugu wa bajia zetu. Huku wanakula, wanapima. Hapa ndipo mtazamaji wetu anapopotea, kwa sababu kwetu mahari hutoka kwa mwanamume, na kwa hiyo husubiri kusikia wazee wa binti wakitaja kiasi. Kule ni kinyume: upande wa binti ndio unaodaiwa dhahabu na vitu. Dhahabu huhesabiwa kwa pavun, kila moja gramu 8, na wazee wakianza kutaja hesabu ya pavun, mwangalie baba wa binti, si bwana harusi. Sheria ya India imepiga marufuku madai hayo tangu mwaka 1961, lakini yaliendelea chini kwa chini, na filamu nyingi za familia zimeyatumia kama chanzo cha deni, aibu au kifo. Baba mwenye mabinti wanne katika filamu ya Kitamil ameshatajwa kuwa mtu mwenye hofu hata kabla hajafungua mdomo.

Harusi yenyewe ina sekunde chache zinazobeba kila kitu. Bwana harusi humfunga bibi harusi thali, uzi wenye kidani cha ndoa, shingoni kwa mafundo matatu, na katika jamii nyingi dada wa bwana harusi humalizia mafundo, jambo linaloipa nafasi ya wifi uzito wake. Wakati huo huo wapigaji wa nadaswaram, zumari ndefu yenye sauti kali, na ngoma ya thavil huongeza nguvu ghafla ili kelele yoyote ya nuksi isisikike. Sauti hiyo ikikatizwa kabla ya fundo la kwanza, filamu imegeuka.

Kuhusu mirathi, angalia mwaka. Tamil Nadu ilibadilisha sheria mwaka 1989 ili binti ambaye bado hajaolewa awe na haki sawa na mwana katika mali ya ukoo wa Kihindu, na India nzima ikafuata kwa mabadiliko mapana zaidi mwaka 2005. Katika filamu ya miaka ya 1960 dada hutegemea huruma ya kaka. Katika filamu ya leo, dada anayedai kipande cha shamba anadai kilicho chake, na anayemwita mroho ndiye unayepaswa kumtilia shaka.

Nyimbo, vichekesho na maneno mengi

Usiruke nyimbo. Wimbo mmoja hupitisha miaka mitano, humkuza mtoto, humtajirisha mwana au humzeesha baba, na ukiuruka utarudi ukute nyumba nyingine. Tafsiri ya maneno ya wimbo huachwa mara nyingi, basi fuata nguo, mvi na vyombo vya ndani. Vichekesho navyo hupewa watu wa chini, mtumishi, mpishi au jamaa mvivu, na watu hao ndio wenye ruhusa ya kusema ukweli ambao mwana hawezi kumwambia baba. Manorama aliijenga nafasi hiyo kwa miongo mingi, na anapoanza kusema kwa sauti ya juu, weka simu chini.

Kwa filamu za zamani, kubali pia uigizaji wa sauti kubwa na hotuba ndefu. Waandishi wake walitoka jukwaani na katika siasa za lugha. M. Karunanidhi, aliyeandika mazungumzo ya filamu iliyomtambulisha Sivaji Ganesan mwaka 1952, alikuja kuwa waziri mkuu wa jimbo mwaka 1969. Watazamaji walikwenda kusikiliza Kitamil kizuri kama watu wetu wanavyokwenda kusikiliza utenzi.

Zianze zipi

Anza na Samsaram Adhu Minsaram, kwa kuwa ukoo wake unachoreka kwenye karatasi moja na mwisho wake una ujasiri: mkaza mwana aliyewapatanisha wote anakataa kurudi kuishi pamoja, akaona ni bora wakae mbalimbali na kutembeleana wakiwa wanapendana. Bishaneni juu ya uamuzi huo, maana wazee wengi hawataukubali. Kisha nenda Pasamalar, ukivumilia rangi nyeusi na nyeupe. Baada ya hapo tazama Kannathil Muthamittal ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Mani Ratnam, ambamo msichana wa Chennai anaambiwa siku anapotimiza miaka tisa kwamba amelelewa tu, akadai kupelekwa Sri Lanka katikati ya vita amtafute mama aliyemzaa. Ukoo wake ni mdogo, lakini vita vimeingia ndani yake.

Kama mnatazama pamoja na wazee wasiosoma Kiingereza, mteueni mmoja asome maandishi kwa Kiswahili, na msimamishe kila baada ya kikao kizito ili apate nafasi. Msomaji huyo atege sikio kwenye sauti kuliko kwenye maandishi: sauti ikisema periyappa, aseme baba mkubwa, na ikisema maama, atazame kwanza karatasi ya ukoo, ajue kama ni mjomba, baba mkwe au mume, ndipo aseme.